Babu Yako Anadhani ni Usiku Mmoja

Nyumbani, mlango wa nyuma wa duka la vioo,
Jumatano asubuhi.

Mpendwa mjukuu wangu, mume wangu wa pili,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo. Hujambo? Mkeo hajambo? Mgongo unasemaje na hayo mashuka ya hoteli unayofua? Kula vizuri bwana, kwenye picha ya mwisho umekonda kama mpini wa ufagio. Mimi nipo. Magoti yananisumbua, lakini nipo.

Anayeniandikia ni fundi cherehani, jirani yetu. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinipambe. Akimaliza ataipiga picha barua hii akutumie. Kwenye simu mimi na wewe tungelia tu, na la maana lisingesemwa.

Babu yako hali si nzuri. Daktari alinivuta kando kwenye korido akaniambia tusiitegemee Ijumaa. Nakupa kavukavu hivyo hivyo, kwa sababu kukuzungusha hakutamponya.

Utauliza mbona hatukukuita mapema. Muulize babu yako na kichwa chake kigumu. Siku ile tunakusindikiza aliisoma tiketi yako: unaondoka saa nne usiku, unafika saa moja asubuhi. Basi, akapiga hesabu zake. Tangu hapo kila mtu anaambiwa mjukuu wake yuko mwendo wa usiku mmoja tu. Alipoanza kuumwa nikasema tukuite, akanifokea: "Mwacheni mtoto afanye kazi! Nikizidiwa mtampigia jioni, asubuhi nakunywa naye chai." Na mimi nisiyejua hata herufi a, ningembishia nini?

Jana kazidiwa. Nikaenda kwa binti anayekatisha tiketi za ndege. Nilipomwambia habari ya usiku mmoja alicheka, kisha akaniona uso akaacha. "Bibi, saa za kule ziko nyuma ya zetu. Hiyo asubuhi yao, huku kwetu ilikuwa jua linaelekea kushuka." Akanionyesha kwenye kompyuta mstari uliopinda kama kamba ya kuanikia nguo. Kilomita elfu kumi na tatu. Katikati kuna uwanja wa kubadilishia ndege, watu wanalala kwenye viti. Nafasi ya kwanza ni Jumamosi, na unatua hapa Jumatatu alfajiri.

Jumatatu, mume wangu. Nilikaa pale nikauangalia ule mstari, sikuona wa kumgombeza.

Niliporudi wodini akaniuliza, "Mmempigia?" Nikasema tumempigia. "Kapanda?" Nikasema kapanda. Ningesemaje? Akatulia. Muuguzi alipokuja kumnyoa ndevu akamfukuza: "Niache wewe, anayejua kuninyoa yuko njiani." Leo asubuhi kauliza tena umefika wapi. Nimemwambia uko angani.

Ukitaka kuja, njoo, utanikuta mimi. Yeye hutamkuta, tusidanganyane.

Msalimie mkeo, umwambie asikuache peke yako siku hizi. Shangazi yako anakusalimu, yuko hospitali na babu yako, zamu ya asubuhi. Baba yako mdogo naye anakusalimu, hana la kusema, unamjua.

Najua utatamani kumsikia babu yako. Usimpigie. Akisikia sauti yako kwenye simu, atajua bado uko chini.

Mungu akushike mkono huko nisikofika.

Ni mimi nikupendaye kuliko ninavyojua kusema,
Bibi yako.