Ndege ya Sadock

Mbebe, Ileje
12 Juni 2004

Mpendwa kaka Sadock,

Shikamoo. Habari za huko Kitwe? Natumaini barua hii itakukuta mzima. Sisi hatujambo, ila miguu ya mama haimfikishi tena kanisani. Anwani yako nimepewa na Amoni, dereva wa lori wa Tunduma, aliyesema umekuwa fundi baiskeli.

Kaka, naandika kuhusu ile ndege yako, Fokker ya kivita ya Wajerumani ya mwaka 1915, uliyoiona kwenye kitabu cha misheni ukaichonga kwa mti wa mparachichi. Ulitueleza mpaka mama naye akajua: bawa moja tu kila upande, na rubani akitaka kuilaza ndege upande huvuta nyaya, mabawa yenyewe yakapinda. Injini yake ilizunguka pamoja na panga la mbele linaloivuta ndege. Ila wewe ulipenda zaidi bunduki, iliyopiga katikati ya panga linalozunguka bila kuligusa, kwa kuwa gurudumu lenye nundu liliiruhusu kupiga pale tu panga lilipokwisha kupita. Risasi zako zilikuwa punje za mahindi.

Kwenye maonyesho ya Mbeya ulizungusha panga kwa mpini mbele ya wakaguzi, punje zote zikagonga panga. Watu wakacheka. Mkaguzi mmoja akasema kijana huyu hesabu imempita kando, na nafasi ya chuo cha ufundi, iliyokuwa zawadi ya mshindi, akapewa mwingine. Ulirudi, ukaitia ndege motoni, na kesho yake ukavuka mpaka bila kuaga.

Kaka, hesabu yako haikuwa na kosa. Asubuhi ile ulipokwenda kuoga, nililegeza skrubu ya lile gurudumu, nikaligeuza kidogo lisiende sawa na panga, nikaikaza tena. Nilijua ukishinda utaondoka, nami nitabaki peke yangu na mama. Ukaondoka vilevile, na huu ni mwaka wa nane.

Jumapili nilimweleza mama. Akasema nisikuombe urudi, maana sina haki hiyo. Nikuambie tu kwamba ulipatia.

Mama anakusalimu sana. Binti yangu Ferista, ambaye hujamwona, anakuamkia, mjomba wake. Naishia hapa, mkono umechoka na moyo pia.

Mdogo wako,
Edina