Bahasha ya Mwezi wa Nane

Bangwe, Kigoma
14 Novemba

Kaka yangu mpendwa Erasto,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko kambini kwenu msituni, na kwamba kile kikohozi cha vumbi kimekuachia. Sisi hapa tunaendelea kupumua. Watoto wanasoma. Shemeji yako Bonifasi yuko Kibirizi na dagaa wake, ingawa wiki hii ni ya mbalamwezi na mitumbwi haileti kitu.

Nakuandikia kabla hujanijibu ile ya kwanza kwa sababu malalamiko yako yamefika posta. Bi Rozalia wa posta, yule mama anayepanga barua masandukuni, alinifuata shuleni juzi, akakaa kwenye benchi la wazazi mbele ya meza yangu ya ukarani. Alisema ametakiwa ajieleze kwa maandishi kwa nini bahasha yako ya mwezi wa nane ilichelewa hata mama yetu akakatiwa maji. Amebakiza mwaka mmoja astaafu. Hakulia wala hakunilaumu. Aliniuliza tu kama nakumbuka siku niliyoitoa ile bahasha kwenye sanduku la shule. Nikamjibu kwamba sikumbuki.

Kaka, katika barua ile ya kwanza nilikuandikia kwa kifupi kwamba Mama aliteleza. Sikukueleza ilivyokuwa. Bomba la uani lilifungwa Jumatatu. Mzee Mwinshehe wa kamati ya maji alikuja mwenyewe na spana, akaomba radhi, akasema mwezi umepita na wiki mbili juu yake, na kamati haina upendeleo. Mama alimpa kiti. Alimwambia malipo yako njiani, kwamba mwanawe wa msituni hana simu inayoshika mtandao lakini barua yake haijawahi kukosa, ni posta tu ya siku hizi. Mzee akafunga, akaaga, akaenda zake.

Jirani yetu Mwanvua alitupa maji siku mbili. Siku ya tatu Mama aliona haya kuomba tena. Unamjua. Alhamisi alfajiri, mimi nikiwa bado kitandani, alichukua ndoo ya bati akashuka ziwani na miaka yake sabini na moja na lile goti. Wanawake waliokuwa wakifua pale waliniambia aliwasalimu vizuri, akawapita, akasogea kwenye mawe yaliyokaa kwenye kina apate maji yasiyo na sabuni. Walisikia ndoo ikigonga jiwe. Walipogeuka waliona kanga yake tu juu ya maji.

Maji yalirudi siku ya matanga. Mzee Mwinshehe alifungua bomba bila kumuuliza mtu chochote. Lakini tangu hapo, kaka, kila alfajiri nasikia mpini wa ndoo ukiangushwa nje ya mlango, halafu pumzi ya mtu aliyepanda kilima. Nangoja aseme lile neno lake la Kiha alilokuwa akituamshia sote, mwakeye, nalo halisemwi. Nikifungua hakuna mtu, na ndoo yenyewe haikupatikana ziwani hadi leo. Nilijiambia ni upepo. Sikumweleza mtu yeyote, hata Bonifasi. Ila Jumapili iliyopita, tukinywa chai, mwanangu Angela aliniuliza kwa nini bibi anafika mlangoni kila siku na haingii.



Sasa nisikilize. Bahasha yako haikuchelewa. Ilifika wiki tatu kabla bomba halijafungwa, na niliitoa sandukuni kwa mkono wangu huu. Hela sikuila. Hawala yako imo humo humo, bahasha haijafunguliwa. Niliiweka chini ya madaftari ya mahudhurio kwenye droo yangu ya shule, na kila siku niliiona.

Utauliza kwa nini. Kila asubuhi Mama alipofungua bomba alisema, Erasto huyo, anamimina. Miaka minne, kaka. Mimi niliyemkanda goti, niliyemfulia, niliyelala naye alipougua, hakuna kilichomkumbusha jina langu. Nilitaka siku chache tu aseme umemsahau. Nilitaka maji yakiisha anigeukie mimi. Jumatano jioni nilimwambia kwa mdomo wangu kwamba pengine umetuchoka. Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso. Alisema, "Melania, usimwandikie mwenzio kwamba maji yamekatwa. Atajilaumu bure."

Ningeweza kusimama pale pale nikamwambia. Nilikuwa nimepanga kuitoa Ijumaa.

Leo mchana nilikwenda posta, nikaandika yote haya mbele ya mkubwa wake Bi Rozalia, nikatia sahihi. Bi Rozalia alisoma mpaka mwisho, akarudi dirishani kwake, akaniuzia stempu ya barua hii. Hakunitazama. Bonifasi nitamwambia jioni akirudi. Bahasha yako nimeitia humu ndani.

Ukija Desemba, chumba cha Mama nimekiacha kama kilivyokuwa. Usipokuja nitajua sababu. Ila ukiamua kuniandikia, hata kama ni kwa matusi, barua usiipitishe kwenye sanduku la shule. Iandike kwa jina la Bonifasi, aipokee yeye, aifungue yeye, anisomee. Mimi na bahasha za watu sijiamini tena.

Wasalimie wenzako kambini. Mwanvua anakusalimu sana, watoto nao wanakuamkia. Mungu akulinde na wanyama na homa.

Ni mimi, mtoto wa Stephania kama wewe,

Melania