Jina Nililoliruka Kwenye Filamu

Bunia, Jumanne tarehe 7 Julai 2009

Mdogo wangu Dorothée,

Nakusalimu wewe, shemeji, na wote mnaokula nao sufuria moja hapo Mahagi-Port. Kifua chako kimetulia? Mara ya mwisho sauti yako kwenye simu ilikuwa ya mtu aliyemeza vumbi la barabara nzima, na najua upepo wa ziwa hauna huruma asubuhi. Hapa tu wazima. Goti langu linalalamika, lakini lina miaka sitini na sita, lina haki. Mjukuu wangu Chancelle amefaulu, wa tatu katika darasa la sita, na amenisimamia nikuandikie hilo kwanza.

Simu inatosha kuambiana kwamba tumeamka. Nina neno linalotaka karatasi, nalo linaanza na filamu.

Mumbere, yule mtu wa Butembo mwenye ukumbi wa video karibu na soko, alijitolea kuwaonyesha watoto wakubwa wa shule yetu filamu ya kufunga mwaka, Jumapili baada ya misa. Alileta filamu ya vita kutoka Kampala, kwa Kiingereza kitupu. Mama Martine, anayeongoza komite ya wazazi, alikataa. Alisema watoto hawa walizaliwa katikati ya risasi, je, tuwaongezee nyingine? Mumbere akamjibu kwamba wanazitazama kila siku kupitia matundu ya ukuta wake, tena bila hata kumsalimia. Watu wakacheka, lakini wasiwasi wenyewe haukuwa wa kuchekesha. Huu ni mwaka wa pili tu watoto wetu kukaa benchi moja na watoto wa wale tuliokimbiana nao. Baba mmoja alisema filamu ikiwachochea, mwezi wa tisa hatarudisha wake. Wengine wakaitikia. Mwishowe wakaniachia mimi, mwalimu mzee: niitazame kwanza, niamue, na ikifaa nisimame kando ya pazia nieleze kwa Kiswahili, kama ilivyokuwa zamani.

Zamani! Unakumbuka misioni ya Fataki, shuka la masista limefungwa kati ya mikaratusi miwili, na baridi ile ya milimani? Wewe ulikaa katikati, mimi na ndugu yetu Félicien huku na huku, blanketi moja, viazi vya kuchoma mkononi. Watu walipotaka kubusiana, padri aliziba taa ya mashine kwa kofia yake. Mara nyingi alisahau kuiondoa, tukamkuta bibi harusi tayari ana watoto watatu. Félicien alikuwa akitunong'oneza yaliyopita chini ya kofia, na yake yalikuwa matamu kuliko filamu. Nikiwaza juzi, nimegundua kwamba padri hakuwahi kuziba bunduki. Wakati ule bunduki zilikuwa kitu cha mbali, kama theluji.

Nilitazama filamu hiyo Alhamisi, peke yangu. Askari anarudi kwao milimani, anakuta nyumba imeungua na ndugu yake ameuawa. Kelele na pikipiki zinazoruka hazikunitisha. Nilitishwa na mahali pamoja: mzee wa kijiji anaulizwa ni nani waliofanya hivyo, naye anataja jina la ukoo wa ng'ambo ya mto. Askari anavuka. Anaua karibu wote, mpaka mbele ya mtoto wa mwisho anaweka silaha chini. Niliiambia komite kwamba inafaa kwa wenye miaka kumi na miwili na zaidi, mradi nieleze mimi. Sikuwaambia kwamba nitaliruka jina.

Jumapili mabenchi yalijaa. Mahali pale nikasema mzee anasema ilikuwa giza, hakuona nyuso. Watoto walishangilia pikipiki, hakuna aliyepigana, wakala mandazi, na Mama Martine akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Nilitembea kurudi nyumbani kama mtu aliyepewa cheti.

Nilikuwa nimesahau kwamba Chancelle alisoma miaka mitano katika kambi ya Uganda, kwa Kiingereza.

“Babu, ule muzee hakusema vile,” aliniambia njiani. “Alitaja jina.”

Nikamjibu kwamba ninajua, lakini kuna mambo yasiyofaa kwa watoto.

“Kama ulitaja, ingekuwa tu batu ya filamu,” akasema. “Sasa weye uliacha nafasi wazi, na kila mutoto anaweka jina ya ile batu yeye anaogopa. Bale walikuwa nyuma yangu walishaanza kuweka.”

Jana asubuhi nilikwenda kwa Mama Martine nikamweleza yote. Akasema nitaieleza tena Jumapili ijayo, mbele ya watoto na wazazi, na safari hii bila kofia ya padri. Nimekubali. Lakini usiku wa kuamkia jana sikuwa nikiwawazia watoto wale. Nilikuwa nakuwazia wewe.

Kwa miaka sita umeniuliza ni nani walioingia uani kwa Félicien wakamuua, nami nimekujibu kwamba nilikuwa ndani ya mtama, niliona moshi tu. Dorothée, niliona. Alikuwa Antoine, mtoto wa jirani yetu, kijana wa kwetu, aliyekula mezani petu. Alikuja kumtafuta mama mzazi wa Brigitte, mtu wa upande wa pili, ambaye Félicien alikuwa amemficha jikoni. Félicien alisimama mlangoni kumzuia, na yule mama akatoroka kwa nyuma. Nilinyamaza kwa sababu niliona aibu, kisha nikajidanganya kwamba nakukinga. Nawe ukaijaza ile nafasi kwa watu wa upande ule mzima. Uliniambia mwenyewe kwamba Brigitte anakusalimu kila siku ya soko, nawe unageuza uso. Yeye anajua, ndiyo maana hachoki kukusalimu.

Antoine alikufa mwaka 2005, kwa homa. Ukinikasirikia, nikasirikie mimi niliye hai. Nitakuja unikasirikie uso kwa uso, mara goti litakaporuhusu.

Nisalimie shemeji na wapwa zangu. Mwambie mdogo wao Grâce kwamba kitabu alichokisahau kwangu nimekihifadhi. Na siku ya soko, ukiweza, nisalimie Brigitte.

Yaya wako, kaka yako mkubwa,
Fulgence