Kaske Yako Bado Iko Kwangu

Yaya Murhula, mkubwa wangu,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kitandani, kaske yako, kofia yako ya pikipiki, iko magotini. Ndiyo, ile nyeusi, yenye mkanda ulioushona mwenyewe kwa uzi wa nyavu. Sijairudisha. Tangu tukuzike mvua imekwisha, na sasa imerudi tena.

Wewe ndiye uliyenifundisha pikipiki hapa mtaani kwetu Nguba. Ulikuwa unakimbia nyuma yangu umeshika kiti, unahema, unaniambia mimi mdogo wako, "Polepole, petit, barabara haina haraka." Ulinifundisha gia, breki, kona. Lakini habari ya kaske ulinifundisha kama motari wote wa parkingi yetu, sisi tunaobeba abiria kwa pikipiki: kaske ni ya polisi. Tulikuwa wanne na kaske mbili. Anayepita pale wanaposimama polisi ndiye anayevaa. Anayepanda milimani anakwenda kichwa wazi. Tulijiona tuna akili kweli.

Asubuhi ile nilipata mteja wa kwenda mjini. Ukaivua yako, ukanipa. "Kamata. Miye niko naenda Walungu, milimani, kule hakuna ba polisi." Ilikuwa bado na joto la kichwa chako.

Mvua ilikuwa imemwaga mchanga kwenye kona, pikipiki yako ikateleza. Yule mama uliyembeba alivunjika mkono, amepona, analima. Daktari alituambia mwili wako wote ulikuwa mzima, ni kichwa tu. Ni kichwa tu, Yaya. Nalala na maneno hayo na kuamka nayo.

Matangani watu walisema ulikuwa mkaidi, hukupenda kuvaa. Maman Furaha, mke wako, alikuwa ameketi kwenye mkeka. Akauliza, "Kaske yake iko wapi?" Mimi nilikuwa nagawa chai. Kaske ilikuwa uvunguni mwa kitanda changu. Nikaendelea kugawa chai. Niliogopa, basi. Mpaka leo anaamini ulimwacha mjane kwa ubishi wako tu, na hasira imemzuia hata kwenda kaburini.

Nikiivaa, nasikia mtu anapumua humo ndani. Najua ni pumzi yangu inanirudia. Najua. Lakini kwenye mteremko pumzi ile hutangulia yangu, nami napunguza mwendo. Sponji yake nimeifua mara tatu, na bado inanuka yale mafuta yako ya nywele. Kuna siku mteja alinigusa bega, nikasimama katikati ya barabara nikidhani ni wewe umekuja kuchukua kitu chako.

Parkingi iko vilevile. Ulipokufa kila mtu alijinunulia kaske. Sasa nyingi zinaning'inia kwenye kiwiko, sijui kama kiwiko ndicho kinachofikiri. Mimi nimenunua ya pili, ya wateja, na siwashi pikipiki mpaka mteja afunge mkanda. Wenye nywele mpya za kusuka wananinunia, wengine wanashuka na kupanda kwa jirani. Wenzangu wananiita Katekista. Wewe ungecheka kuliko wote.

Lakini kuvaa peke yake hakunitoshi. Kila ninapofunga mkanda wako naona nimekuibia mara mbili: kwanza kaske, halafu jina lako jema.

Kwa hiyo Jumapili, baada ya misa, nitapanda kwa Maman Furaha. Nitaiweka mbele yake na kumwambia yote, na habari ya ile chai pia. Nitamwambia hukukataa kuvaa. Uliivua kichwani ukanivalisha mimi. Akinifukuza, nitatoka. Akinyamaza, nitangoja uani.

Lala, Yaya. Usinipumulie tena sikioni, nimesikia. Nakuahidi hili: siku atakayokubali, nitamleta kwako kwa pikipiki, polepole, barabara haina haraka. Mimi nitavaa ile ya wateja. Yeye atavaa yako, na mkanda nitamfunga mimi mwenyewe.

Petit wako,
Amani