Kabla Mbwana Hajarudi kutoka Tanga

Ukunda, Kwale
12 Februari 2024

Mpendwa Shangazi Mwanatumu, somo wangu,

Kabla hujasoma zaidi, ninakusihi uingie chumbani ufunge mlango. Hata neno moja la humu lisitoke, si kwa jirani, si kwa mama yangu. Ukimaliza, ichane barua hii. Wewe ndiye uliyenifunda, na haya sina mwingine wa kumwambia.

Shikamoo, Shangazi. Magoti yanaendeleaje? Na presha, imeshuka? Hapa joto ni kali, lakini sote tunatembea, tunamshukuru Mungu.

Mimba imeingia mwezi wa tano. Siku hizi ninaishi kama mtu aliye chini ya maji. Ofisini kwa wakili ninapiga chapa hati, na herufi zinaelea mbele yangu kama visamaki. Feni inazunguka, mtoto anajigeuza, na kwa kitambo kizima sijui niko wapi. Ingekuwa raha tupu, lau si jambo hili.

Kliniki walinipima damu, kama wanavyowapima wajawazito wote. Vipimo vingine vilitoka vizuri, alhamdulillahi. Lakini nina kaswende.

Unakikumbuka kile kidonda kilichonitoka sehemu za siri baada ya harusi, kisichouma hata kidogo? Nilikwambia wewe peke yako. Ukanitumia mwarobaini na kivumbasi, ukaniagiza nichemshe, kisha nikalie beseni maji yakiwa vuguvugu. Shangazi, mvuke ule bado ninauota: chumba kizima kijani, harufu ya kivumbasi, nami ninayeyuka kama sukari. Kidonda kikapotea. Tukashukuru sote wawili.

Nesi Milcah, mtu wa bara mwenye mdomo mwepesi, aliniuliza kidonda kile nilikitibu kwa kitu gani. Nikamwambia. "Mama, wewe uliosha mlango," akasema. "Mwizi alishaingia zamani, amelala kitandani kwako na viatu." Nikacheka huku ninalia.

Kisha akanieleza polepole. Kidonda cha kaswende hupona chenyewe baada ya wiki kadhaa, uoge majani usioge. Ugonjwa hubaki ndani ya damu, kimya, hata kwa miaka. Humfikia mtoto tumboni. Huweza kumuua kabla hajazaliwa, au akazaliwa nao. Unaondolewa kwa sindano ya penisilini, na mimi nimeshaanza kuchomwa. Jioni ya sindano ya kwanza mwili uliwaka homa. Milcah alikuwa amenionya kwamba huenda ikatokea, nikarudi kliniki wakanitazama, nao wakasema mtoto ni salama. Mama mkwe alidhani ni malaria. Alinipa madafu na uji wa tangawizi, nikalala kama niliyebebwa na mawimbi.

Milcah hakuyadharau majani yako. Alisema maji ya vuguvugu hutuliza mwili, na uji na madafu humtia mgonjwa nguvu, ila hakuna hata kimoja kinachoshika nafasi ya sindano. Basi bi harusi mwingine akikujia na kidonda kisichouma, mpe beseni ukipenda, lakini kwanza akapimwe damu.

Sasa nije kwa mume wangu. Mbwana anakaa kwako, anakula kwako, na Shaabani ikiisha anarudi kufunga Ramadhani nasi. Ikiwa naye anao na hajatibiwa, tukikutana kimwili ataniambukiza upya, na mtoto atakuwa hatarini tena.

Milcah anasema damu haisemi nani alianza, na wengi huwa nao bila dalili yoyote. Huenda Mbwana hajui. Lakini hasira yake ya kwanza ninaijua, hutoka kabla ya fikira. Ninaogopa neno talaka litamponyoka kwenye simu, na likishatoka halirudi kinywani. Wewe anakuheshimu. Kaa naye, umweleze taratibu, kisha mfuatane hospitali apimwe na apewe dozi yake mwenyewe. Asinunue vidonge vya kubahatisha dukani, wala msimchemshie kitu mkadhani yamekwisha.

Jana mchana nilisinzia, kichwa juu ya meza, nikamwona mtoto. Alikuwa msichana, amekaa kwenye mchanga wenye maji, ngozi inang'aa, hana doa. Alinitazama kama anayengoja kuambiwa kama ataruhusiwa kubaki.

Nisalimie wanao, Hafsa na Swabir. Waambie nimeandika habari za mimba tu. Mola akupe afya, na aulainishe ulimi wako utakapokaa na Mbwana.

Usinipigie nyumbani. Mama mkwe hupokea simu yangu na kuiweka sauti ya juu, ili majirani nao wapate salamu zao. Piga namba ya ofisini, iliyo nyuma ya bahasha, saa saba mchana, wakati karani mwenzangu Tobias amekwenda kula. Ukimkuta bado yupo, mwachie ujumbe kwamba Mbwana ameshachomwa. Atadhani ni chanjo ya safari. Na Mbwana akikataa, nipigie vile vile, usinifiche kwa kunihurumia. Nitakwenda Majoreni kwa mama, nijifungulie huko. Mwambie Mbwana nyumba ile anaijua, na nitamfungulia mwenyewe, siku atakapokuwa ametibiwa.

Mwanao ninayekupenda na kukutegemea,
Maimuna