Papa Bolamba Aliyegeuza Mashua

Alhamisi, 3 Julai
Watatu wamezaa tangu asubuhi. Wa nne anatembea uani, mkono kiunoni. Nilikuwa nachemsha vyombo dereva wa mzee wetu, Papa Bolamba, alipoingia bila hodi. Papa amekufa. Kwenye kinu chake cha mpunga, amesimama, anaongea na wapakiaji. Moyo.

Nikamaliza kuchemsha vyombo. Yule wa nne akazaa saa nane. Msichana, mzima. Nililia baadaye, nikifua mashuka.

Ijumaa, 4 Julai
Matangani. Mtaa wote wa Mangobo, hapa Kisangani, uko barabarani. Wapakiaji, wenye maduka, wavuvi waliopanda mto toka Yanonge. Waislamu wa Maniema pia. Papa, Mkatoliki, ndiye aliyewapa mabati ya msikiti. Wanawake niliowazalisha wamekuja na watoto mgongoni. Kila mtu ana habari yake ya Papa. Yangu sijaitoa.

Mama Bolamba, mjane, aliniita kwenye mkeka wake. Anataka niseme maneno kesho makaburini, kwa ajili ya maternité, nyumba yetu ya kuzalishia.
"Papa alijenga ile nyumba sababu yako," akasema. "Ni wewe utasema."
Nimekubali.

Jioni mkubwa wa Chama wa zone yetu amenifuata nyumbani na karatasi. Abacost mpya, ile suti ya Chama isiyo na tai, imenyooshwa vizuri. "Citoyenne, utasoma hii." Raia wa kike, ndivyo Chama kinavyotaka tuitwe.
Nimeisoma. Inasema maternité ni tunda la Chama. Jina la Papa liko mstari wa mwisho, "mwanachama mwaminifu". Uongo. Nilikuwepo. Matofali yalichomwa kwenye shamba la Papa. Chama kilifika siku ya kukata utepe.
Nikauliza: na kama nitasema yangu mwenyewe?
"Maternité inataka accoucheuse, citoyenne. Ma-accoucheuse iko wengi."
Wakunga wako wengi, kweli. Ninaogopa. Mama yangu anakula kwa kazi hii. Hana mwingine.

Jumamosi, 5 Julai
Salongo ya asubuhi, kazi ya lazima ya Chama, wameifuta ili watu wazike.

Makaburini nilisoma mstari wa kwanza wa karatasi ya Chama. Sauti haikuwa yangu. Nikamwona Mama Bolamba ananitazama. Nikakunja karatasi.

Nikasema hivi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, Yanonge. Siku mbili nilisukuma, mtoto hatoki. Mashua ya Papa Bolamba ilikuwa imeshapita, imejaa mpunga, inashuka kwenda kuuza Barumbu. Mume wangu alimfukuzia kwa mtumbwi. Papa hakutujua. Akageuza. Akaona mashua ni nzito, itachelewa kupanda mto, akaamuru magunia yote yashushwe ukingoni, mvua inanyesha. Mpunga wote uliharibika. Njia yote hadi Kisangani alishika turubai juu yangu kwa mikono yake, hakumpa mfanyakazi.
Mtoto alikufa. Mimi nikapona.
Baada ya majuma mawili alikuja hospitalini na papai. Akauliza, "Sasa unataka kufanya nini, mutoto yangu?" Nikasema sitaki mwanamke mwingine asafiri vile. Hakucheka. Alinipeleka shule ya uuguzi. Nilipomaliza, nyumba ilikuwa imesimama, vitanda vinane.
Nikasema asante, Papa. Nikarudi mahali pangu.

Hakuna aliyepiga makofi. Wanawake walianza kulia, kisha wapakiaji. Mkubwa wa Chama alitazama viatu vyake.

Jumapili, 6 Julai
Sikwenda kanisani. Nimeogopa siku nzima. Sijuti. Vyote viwili ni kweli.

Jumatatu, 7 Julai
Nimeitwa ofisi ya Chama. Benchi, toka asubuhi mpaka saa tisa. Wanawake kama ishirini wa Mangobo walikuja kukaa chini nje, bila kuitwa na mtu. Mmoja alinipitishia lituma, ndizi za kuponda, na samaki kwenye jani.

Mkubwa alinionyesha barua, imeshaandikwa: huzuni ilinichanganya akili, nikapoteza karatasi.
"Tia sahihi, mama. Na mimi niko na mukubwa wangu."
Hakuniita citoyenne. Shingo yake ilikuwa na jasho. Nilimwonea huruma, jambo ambalo sikutaka.
Huzuni ilikuwepo kweli. Nimetia sahihi. Kesho niko kazini.

Jumatano, 9 Julai
Kibao kipya cha Chama mlangoni pa maternité. Jina la Papa halimo. Nilikasirika. Kisha akaja mama mmoja na uchungu, ametembea toka mbali. Akapita chini ya kibao, akaniuliza kama hapa ndipo kwa Papa Bolamba.
Nikamwambia ni hapa. Mapacha.

Jumapili, 13 Julai
Kila Jumapili baada ya misa Papa alipita. Hakuingia, alisema ndani ni mambo ya wanawake. Alisimama getini, kofia mkononi, na kuuliza: "Wangapi?" Nilimpa hesabu ya juma. Anatikisa kichwa, anaenda zake. Miaka yote hiyo sikumwuliza kwa nini anataka kujua.

Leo saa yake ilipofika nilivua aproni, nikaenda nyumbani kwake. Mama Bolamba bado amekaa kwenye mkeka, na wakwe zake.
"Kumi na moja, mama," nikasema. "Wote wazima."
Alisogea kidogo, akanipa nafasi. Nikakaa.