Ile Sufuria Yenye Bamama Balisugua

Mama Mukubwa,

Unajua miye si mutu wa kuandika. Lakini huku nje bote banasema Kibemba, na Kiswahili yetu ilikuwa ya ndani ya nyumba, yako na yangu. Tangu ulienda, hakuna mutu wa kuisema naye. Basi ninaiandika.

Nina haya, Mama. Niseme hii kwanza, mbele ya moyo kurudi nyuma.

Siku ya kilio yako bamama ba kanisa balikuja na unga na kuni. Balitafuta sufuria kubwa ya kupikia batu bukari, ile ugali yetu. Mudogo yako, Mama Feza, akatoa ile yako, ile nilikumwangia na alumini ya kuyeyusha mu kibanda changu nyuma ya nyumba. Ndani ilikuwa nyeusi, na chini ukoko ya zamani imeshikana kama udongo. Mama Feza akasema, "Batu banatoka mpaka Pweto, tutabawekea hii uchafu mbele yao?" Bamama bakaikamata, bakaisugua na majivu na muchanga ya ziwa mpaka ikaangaza. Balifanya vile kwa heshima yako. Miye nilisimama pale na kuni mu mikono, na nilifurahi. Nilisema mu moyo, leo bote bataona kazi yangu.

Bakaweka maji, bakawasha. Kidogo tu, moto ikaanza kulia. Chiii. Mama moja akainama, "Eh! Inavuja!" Moshi ikapanda, moto ikakufa. Mwingine akasema, "Kumbe dada yetu alikuwa anapikia mu kichungio!" Bakacheka, vile batu banachekaka ku kilio wakati machozi imechoka. Kisha Mama Feza akaigeuza, akaona chini ile alama yangu yenye ninachoraka na musumari. Akaniangalia. Bote bakaniangalia. Hakuna mwenye hakujua, juu wewe mwenyewe ulikuwa umetembeza jina yangu mu soko yote: "Mutoto yangu Mwape njo alimwanga hii."

Nikaweka kuni chini. Nikaenda kujifungia mu kibanda, katikati ya vyuma yangu. Bakaazima sufuria ku jirani, batu bakakula jua inazama. Na kesho yake, wakati wa kukubeba, nafasi yangu ilikuwa ku kichwa ya sanduku. Mutu mwingine akashika. Miye nilitembea nyuma kabisa, na batoto. Hii njo inanikula, Mama. Maji kumwangika si kitu. Wewe ulinibeba toka nilikuwa mudogo, na miye sikukubeba hata ile njia moja.

Mu kibanda njo nilianza kukumbuka. "Hii sufuria ninaoshaka mwenyewe," ulikuwa unasema, na hata Feza hukumuacha aiguse. Nilifikiri unaipenda sana. Na kila mara ukitaka kupika, "Mwape, nenda unitafutie makala ya moto." Nikirudi, maji imeshachemka. Miye mwenye kuangalia kila kitu, mwenye kunyamaza na kuangalia batu mpaka banakasirika, ile sikuiona. Nilikuuliza, "Inapika muzuri?" Ukajibu, "Inapita ya kununua mu magazini."

Unakumbuka siku tuliimwanga? Ilikuwa siku ya Mungu, tumetoka kanisa, na wewe hukutoa hata kitenge ya kanisa. Ulikaa juu ya ndoo, unazungusha ile gurudumu ya kinga, ya baiskeli, yenye inapuliza moto, na miye ninapiga kelele, "Zungusha, Mama, zungusha!" Jasho inakutoka, unacheka. Pistoni za mota ya bwato ya mu ziwa zilianza kuyeyuka, zikakuwa kama maziwa ya kung'aa. Lakini chombo yangu ya kuyeyushia ilikuwa ndogo. Nikamwanga mara ya kwanza, nikayeyusha tena, nikamwanga mara ya pili. Ile ya kwanza ilikuwa imeshaanza kupoa. Zilikutana, hazikushikana. Mustari kidogo ulibakia chini, miye nikaona ni urembo.

Sasa sikia kitu yenye ilinivunja. Kisha kilio nilijilazimisha kuenda ku majirani benye nilibamwangia sufuria zingine. Unajua vile miye ku mulango ya mutu ninasimamaka tu, sibishi hodi. Bana Chanda, mama yake Chanda, akaniona mu dirisha, akaita, "We Mwape, utaota mizizi pale!" Nikamuuliza kama yake inavuja. Akacheka mpaka akakaa chini. "Tangu siku ya kwanza! Lakini mama yako alikuja hapa, akatuonyesha. Unapika uji nzito kidogo, unaiacha inaungua chini, ukoko inaziba. Usisugue. Akatuomba: musimuambie, mutoto yangu ataacha."

Kila nyumba yenye nilienda, maneno ile ile. Ulizunguka kwa miguu yako, na ile goti yenye ilikuwa inakuuma, kufunika aibu yangu. Na miye nilikuwa ninapita mu barabara kifua mbele, fundi.

Mama, juu ya nini hukuniambia? Nimekasirika kidogo. Hapana, sikukasirika. Ninajua ningeacha kweli.

Bon. Nimetafuta kipande ya bomba kubwa ya chuma, nimechomelea kitako, sasa chombo inabeba alumini ya sufuria muzima mara moja tu. Feza njo anazungusha gurudumu, anatukana sana kukupita. Nimeomba majirani sufuria zao, nimeziyeyusha moja moja. Ya Bana Chanda ilipoingia mu moto, ile ukoko ikaungua, kibanda yote ikanuka jikoni yako. Nikaacha kazi, nikasimama tu. Feza naye akaachilia gurudumu.

Yako niliiweka mwisho. Nilingojea ile harufu. Haikunuka kitu. Balikuwa bameisugua muzuri sana.

Sasa imekuwa mupya. Nimeijaza maji, nimeiweka juu ya majivu kavu toka asubui, na majivu iko kavu. Hata vile ninaogopa. Kesho ni kumaliza kilio yako, bamama balewale banakuja, na Feza amebaambia, "Sufuria italetwa na mwenyewe." Yule mama wa kichungio ameshauliza kama alete maji ya akiba.

Nitaibeba ku kichwa, mchana, nipite katikati ya soko. Nitaiweka ku moto na mikono yangu. Ikilia tena, sitakimbia. Nitabauliza, inavuja wapi, munionyeshe. Na kila mwenye nitamupatia sufuria nitamuambia vile vile, ikivuja anionyeshe, sitasubiri mutu anifunike tena.

Pumzika, Mama Mukubwa. Goti isikuume tena. Kesho nafasi yangu ni pale karibu na moto, na sitatoka mpaka bukari iive, na mutu wa mwisho akule.

Mutoto yako,
Mwape